Wanafunzi wa digrii ya chekechea wapelekwe darasani kuanzia mwaka wa kwanza

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako, najua barua ni ndefu lakini hii kitu nimeibeba moyoni miaka mingi na muhula huu nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Nairobi, pande za Eastlands. Watoto wa miaka minne na mitano ndio kazi yangu, nimewafundisha miaka 16 sasa, nilianza na cheti kwa shule ya mabati huko Mukuru, nikasonga mpaka diploma, halafu nikajikaza nikafanya digrii ya elimu ya watoto wadogo, ile ya likizo, unaingia chuo Aprili, Agosti na Desemba na shule zikifunguliwa unarudi kwa watoto wako. Kwa hivyo haya ninayosema nimeyaona nikiwa kwa dawati na nimeyaona nikiwa nimesimama mbele ya watoto.

Muhula huu nililetewa mwanafunzi wa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, msichana wa mwaka wa tatu, mpole, ana bidii, anafika kabla ya watoto kufika. Wiki yake ya pili, saa nne asubuhi, uji ukaletwa. Kwetu kila mtoto huja na kikombe chake kutoka nyumbani, kwa hivyo kuna vikombe vifupi vipana vya plastiki, kuna vile vyembamba virefu, kuna hata mmoja anakuja na kifuniko cha thamosi. Uji tunapima na upawa mmoja, upawa mmoja kila mtoto, hakuna kuongezwa mpaka wote wapate. Sasa kijana mmoja wa PP1, ule mwaka wa kwanza wa chekechea, akaangalia kikombe cha jirani, akaangalia chake, akaangalia tena cha jirani, akaanza kulia, "Tichaa, yake ni mingi!" Yule mwanafunzi wangu akamwambia nyote mmepewa sawa, nimepima mwenyewe. Mtoto akazidisha kilio. Akaambiwa tena, safari hii kwa ukali, usiwe mlafi, kunywa uji wako. Hapo mtoto akausukuma ukamwagika kwa meza, na darasa la watoto 38 likasimama lote kutazama.

Nilichukua kikombe kirefu kingine pale kwa ndoo, nikampimia upawa ule ule mmoja mbele ya macho yake, akanyamaza, akanywa akamaliza.

Jioni watoto wakiwa wameenda nikamuuliza, mwalimu, umesoma Piaget, yule mtaalamu wa Uswizi wa jinsi mtoto anavyofikiri? Akasema ndio madam, mwaka wa pili. Nikamuuliza na ile ya maji kwa glasi mbili unaikumbuka, akanipa yote bila kusita, ati mtoto wa kati ya miaka miwili na saba bado anaamini macho yake, ukimwaga maji yale yale kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba atakuambia yameongezeka kwa sababu yamepanda juu, hajaelewa kwamba kiasi hakibadiliki ukibadilisha chombo. Aliniambia hilo swali lilikuja kwa mtihani na alilipata vizuri sana. Halafu akanyamaza kidogo, akashika mdomo, akasema, "Kumbe ndio ile ya uji."

Mhariri, hiyo ndio barua yangu yote, haya mengine ni maelezo tu. Huyu binti alikuwa nayo kichwani, aliilipia karo, aliiandika kwa mtihani akapewa alama, na siku mtoto mwenyewe alipoileta mezani na machozi juu hakuitambua. Alimwita mtoto mlafi. Na simlaumu hata kidogo, manake katika miaka karibu mitatu ya chuo hakuna mtu alikuwa amemkalisha karibu na mtoto wa miaka minne akamwambia tazama, ile tulisoma Jumatatu ni hii hapa.

Kuna walimu wenzangu wakisikia hivi wanafurahia, wanasema si tuliwaambia, hiyo mambo ya Wazungu kwa vitabu haisaidii, mwalimu ni moyo na uzoefu. Mimi sikubaliani nao na nataka nieleweke. Nilifundisha miaka mingi na uzoefu peke yake na kuna makosa nilifanya yananiuma mpaka leo. Nilikuwa na kijana fulani huko Mukuru, akipewa kazi ya kupanga vizibo vya soda kwa rangi alikuwa anaongea peke yake muda wote, "sasa nyekundu, sasa tena nyekundu, hii hapana, hii ya bluu, weka huko." Nikawa namnyamazisha. Kila siku namnyamazisha, mara nyingine namtenga akae karibu na mlango, na nilichoona ni kwamba akinyamaza kazi inaharibika, anachanganya rangi, anaacha katikati. Nikaandika kwa ripoti yake kwamba hana utulivu. Miaka baadaye niko kwa likizo ya digrii, lekchara anafundisha Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Urusi, anasema mtoto anayejisemesha hivyo anatumia maneno kuongoza mawazo yake, na kwamba yale maneno ya nje ndio baadaye yanaingia ndani yanakuwa kufikiri kimya kimya. Nilikaa pale nikaona yule mtoto kando ya mlango. Ningejua hiyo kitu mapema singemfunga mdomo mtoto aliyekuwa anafikiri.

Kwa hivyo nadharia inasaidia, inasaidia sana, na mimi iliniingia kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kuiwekea. Wenzangu kwa lile darasa la likizo wote walikuwa walimu, lekchara akitaja jambo unasikia huku na kule "ai, niko na huyo," "wangu anafanya hivyo pia." Lakini wale wadogo wanaotoka kidato cha nne moja kwa moja hawana mtoto yeyote kichwani. Wanasikia jina la Piaget, wanasikia hatua nne za akili ya mtoto kukua, wanaandika notsi, wanapiga picha slaidi na simu, wanaenda hosteli wanakariri.

Na cha kushangaza ni kwamba hizo nadharia zenyewe hazikuzaliwa kwa ukumbi wa mihadhara. Piaget alikuwa anakaa chini na watoto wake mwenyewe watatu huko Uswizi, anaficha kitu chini ya blanketi anaona kama mtoto atakitafuta, anaandika kila anachoona. Maria Montessori alikuwa daktari, mwaka wa 1907 akafungua nyumba yake ya kwanza ya watoto San Lorenzo, mtaa wa watu maskini Rome, watoto ambao wazazi wao walienda kazi wakawaacha wanazurura kwa ngazi za nyumba. Yaani ni kama angefungua Mathare au Korogocho. Aliwaangalia wale watoto wanavyoshika vitu, ndio akatengeneza vifaa vyake. Wote hao walianza na mtoto, kitabu kikafuata. Sisi tumekigeuza, tunaanza na kitabu, mtoto tunamletea mwanafunzi mwisho kabisa, mwaka wa tatu au wa nne, tena kwa muhula mmoja tu.

Hata hapa kwetu hatukuwa hivi. Mwalimu aliyenipokea Mukuru, mama mmoja ambaye sai amestaafu amerudi Murang'a, alisoma cheti chake miaka ya tisini kwa ile mpango ya DICECE. Kwa wasiojua, mradi wa elimu ya chekechea ulianza pale Taasisi ya Elimu ya Kenya mwaka wa 1971, ukisaidiwa na wakfu wa Bernard van Leer, halafu 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, ndio hizo DICECE. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili na mwalimu hakuachishwa darasa lake. Likizo anaenda anasoma, shule zikifunguliwa anarudi, na mkufunzi wa wilaya anamfuata huko huko kwa darasa lake, hata kama ni chini ya mti, anakaa anaona vile anafanya, wanaongea. Yule mama aliniambia mkufunzi wake alikuwa anavua viatu anakaa kwa mkeka na watoto. Walitengeneza vifaa kwa mikono yao, mipira ya nyuzi na makaratasi, wanasesere wa matambara, na walienda kwa wazee kukusanya hadithi, vitendawili na nyimbo za lugha za nyumbani ili watoto wafundishwe kwa kitu wanachokijua. Zilikuwa pesa kidogo na mishahara ya aibu, sisemi zilikuwa siku za raha. Lakini kilichosomwa Agosti kilijaribiwa Septemba, na aliyekifundisha ndiye aliyekuja kukiona.

Digrii ilipokuja tulifurahi, na mpaka leo nafurahi, manake miaka mingi mwalimu wa chekechea alionekana kama yaya tu. Sasa anaweza kuvaa joho kama mwingine. Ila katika kupanda ngazi tuliacha mkeka chini.

Wacha nieleze TP vile inaendaga, kwa wale ambao hawajaiona karibu. Mwanafunzi analetwa na barua. Ana faili kubwa, ndani kuna azimio la kazi, andalio la somo la kila kipindi, rekodi ya kazi, na lile faili ndio maisha yake, usiku halali anajaza. Kipindi cha chekechea ni dakika 30. Msimamizi kutoka chuo anakuja mara chache muhula mzima, anakaa nyuma kwa kiti kidogo cha mtoto magoti yamefika kifuani, anafungua faili, anajaza fomu, dakika 30 zikiisha anamwita mwanafunzi nje wanaongea kidogo anaenda shule nyingine, na simlaumu pia, amepangiwa shule nyingi kwa siku moja na foleni za Nairobi mnazijua. Anaangalia kama lengo la somo limeandikwa vizuri. Hajui kwamba yule mtoto aliyekaa kimya mbele hajasema neno tangu Januari na wiki hiyo ndio ameanza kuitikia jina lake.

Halafu kuna hizo chati. Mwanafunzi wangu alinunua manila na kalamu za rangi na pesa yake mwenyewe, pesa ambayo najua ilikuwa ya chakula, akakaa usiku akachora matunda, embe, ndizi, nanasi, kazi safi sana mpaka mimi nikasifu. Asubuhi akaibandika kwa ukuta, juu kabisa, usawa wa macho yake yeye. Msimamizi akaja akaona, akaandika kwamba vifaa vya kufundishia vipo. Mchana chati ikakunjwa ikarudi kwa mfuko isichafuke, manake itahitajika akikaguliwa tena. Hakuna mtoto aliyeigusa. Na hapo nje, mita mia hivi kutoka kwa geti letu, kuna mama anauza ndizi na maembe kwa kibanda. Kesho yake nikamwambia nenda na watoto kumi, kila mmoja na ndizi moja, washike, wanuse, wamenye, wahesabu maganda. Alirudi macho yanang'aa. Akaniuliza, "Madam, na hii naiandika wapi kwa faili?" Nikakosa la kumjibu.

Kitu kingine ni ile ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe huko chuoni kabla ya TP. Mwanafunzi mmoja anasimama mbele anafundisha, wenzake wenye miaka 21, 22 wanajifanya watoto. Wanaimba, wanainua mikono, wanajibu. Si mbaya kwa kuzoea kusimama mbele ya watu. Lakini mtu mzima anayejifanya mtoto hajikojolei. Hamng'ati mwenzake kwa sababu ya penseli. Halali katikati ya hadithi kwa sababu usiku walihama nyumba na hakulala. Hawezi kukuonyesha mkono wa mtoto wa miaka minne unavyoshika penseli kwa ngumi nzima, mifupa ya kiganja bado haijakomaa, na mama yake amekuja mlangoni analalamika kwa nini mtoto wa jirani aliye praiveti ameshaandika mpaka mia moja na wake bado anacheza na unga wa kukanda. Huyo mama mwanafunzi atamjibu nini? Kwa kitabu jibu lipo, kwamba kukanda ule unga ndio kuandika kunakoanza, vidole vinapata nguvu. Lakini kulisema kwa lugha ya mama aliyechoka, saa moja na nusu asubuhi, matatu inamngoja, hiyo ni kazi ya kujifunza kwa kuona mtu mwingine akiifanya mara nyingi.

Au lugha. Sera imekuwepo toka zamani, ripoti ya Gachathi ya 1976 ilisema watoto wa miaka ya chini wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, na mtaala wa sasa unasema hivyo hivyo. Mwanafunzi wa digrii anaijua, ataiandika kurasa mbili. Sasa mwingize kwa darasa la Kayole au Dandora, ambapo lugha ya mazingira ni Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, kuna mtoto ameingia jana kutoka Kitui anajua Kikamba tu, na kuna wawili wa wazazi kutoka Somalia. Afanye nini Jumatatu saa mbili? Mimi nilijifunza kwa mwalimu wangu yule wa Mukuru, alikuwa anamkalisha mtoto mgeni kando ya mtoto anayependa kuongea, anaanza na nyimbo za vitendo manake huko mwili unaelewa kabla ya sikio. Baadaye sana nikaja kusoma jina la kitaalamu la alichokuwa anafanya.

Tukija kwa mtaala wa umilisi, ulipoanza kwa PP1, PP2 na gredi tatu za kwanza Januari 2019, tuliambiwa mtoto ajifunze kwa kufanya, mwalimu aache kuhutubia. Vizuri kabisa. Lakini yule atakayemfundisha huyo mtoto yeye anafundishwa vipi? Anakaa kwa ukumbi na wenzake mia mbili au zaidi, anasikiliza masaa matatu somo la jinsi ya kufundisha kwa kucheza. Hakuna mahali amecheza. Mtu hufundisha vile alivyofundishwa, na nimeona wanafunzi wa TP wakifika tu wanachukua chaki wanaandika herufi ubaoni na kuimbisha darasa a, e, i, o, u, kwa sababu hiyo ndio shule wanayoijua kwa mwili.

Najua kuna sababu za hii shida na zingine si za vyuo. Katiba ya 2010 iliweka chekechea chini ya kaunti, vyuo vikuu vikabaki serikali kuu. Anayesomesha walimu na anayemiliki madarasa ni watu wawili tofauti na sijaona wakiketi meza moja. Mimi naajiriwa na mmoja, napelekewa mwanafunzi na mwingine kwa barua ya ukurasa mmoja, hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi, hakuna atakayeniuliza mwisho wa muhula yule binti ameendeleaje. Nimekaa naye kila siku kwa wiki kumi na kitu, nimemuona akishinda na akishindwa, lakini fomu ya alama haina mahali pa mwalimu wa darasa isipokuwa sahihi na muhuri wa shule.

Sasa ninachoomba si kitu kikubwa cha kuunda tume. Mwanafunzi wa digrii ya chekechea apelekwe darasani kuanzia muhula wake wa kwanza, siku moja kwa wiki inatosha, darasa lile lile, na apewe mtoto mmoja wa kufuata. Asifundishe, aangalie tu na kusaidia, afungue kamba za viatu, agawe uji, aandike alichoona. Wiki hiyo chuoni wakisoma habari ya lugha asikilize huyo mtoto anavyoongea, wakisoma habari ya hesabu aangalie anavyogawa vizibo. Hesabu yenyewe iko kila mahali hapo. Saa ya chakula watoto wetu wanapanga laini na ile bangili ya Dishi na County mkononi, mpango wa kaunti wa chakula cha shule, sahani shilingi 5, ukiwauliza nani yuko mbele ya nani, wangapi wamebaki, sahani zinatosha ama hazitoshi, umefundisha kuliko chati yoyote. Arudi na hayo kwa lekchara, na asaimenti iwe ni hiyo, kwamba ulisoma hivi, mtoto wako alifanya hivi, vinakubaliana au vinapingana? Kwa sababu saa zingine vinapingana, na mwanafunzi asiogope kusema kitabu hakikulingana na mtoto wa Kariobangi. Huyo Vygotsky mwenyewe, aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, alimpinga Piaget wazi wazi juu ya hiyo hiyo mambo ya mtoto kujisemesha.

Watasema wanafunzi ni wengi na pesa hakuna. Kweli ni wengi, lakini Nairobi hakosi mtu darasa la chekechea la kutembea kwa miguu kutoka kampasi yake, ukitoka geti unakuta shule za kaunti, za kanisa, za msikiti, za mabati, na nyingi zina mwalimu mmoja na watoto wengi, mikono miwili zaidi Jumanne asubuhi ni baraka. Ni kweli pia watoto wasigeuzwe maonyesho, leo huyu kesho yule, ndio maana nasema darasa moja, mwanafunzi mmoja au wawili, miaka yote, mpaka watoto wamjue jina. Na sisi walimu wa darasa tupewe mafunzo kidogo ya kulea mwanafunzi, tupewe barua inayotambuliwa na kaunti wakati wa kupandishwa cheo, na alama zetu zihesabiwe kwa TP. Sijui kwa nini hii ya mwisho ni ngumu. Daktari mwanafunzi husimamiwa na daktari wa wodi, na fundi wa magari pale Grogan hujifunza akiwa amelala chini ya gari na fundi mkubwa yuko kando yake.

Na walekchara wetu, nasema kwa heshima zote, wengine wamenifundisha na nawapenda, nao wana muda mrefu hawajakaa na mtoto. Kuna mmoja wakati wangu alikuwa anakuja kwa shule zetu hata kama hakuna wa kukaguliwa, anasema ameleta swali lake, anakaa na watoto saa moja anaenda. Somo lake lilikuwa tofauti na mengine yote, mifano yake ilikuwa na jasho na kamasi, na mpaka leo notsi zake ndizo nilizoweka. Chuo kikimpunguzia kila lekchara wa somo hili mzigo kidogo ili kila muhula awe na asubuhi chache kwa chekechea, hiyo si hasara.

Yule binti amebakisha wiki mbili. Juzi mtoto mwingine akalia habari ya uji, na huyu sasa alikuwa na kikombe kipana. Nilikuwa mlangoni naongea na mzazi nikaacha nione. Hakumkemea. Alichuchumaa, akachukua vikombe viwili vitupu, kifupi na kirefu, akampa mtoto upawa apime maji mwenyewe kwa ndoo, upawa mmoja huku, mmoja kule. Mtoto akaangalia akasema bado ile ndefu ni mingi. Akacheka, akamwambia sawa, tutapima tena kesho. Halafu usiku akaniandikia ujumbe kwa simu, mrefu, anataka kurudi kwa kitabu chake cha mwaka wa pili asome upya ile sura, kwa sababu anataka kujua mtoto hubadilika umri gani na kama kupima kila siku kunaweza kumharakisha. Hilo swali la mwisho watu wazima wenye udaktari wa falsafa wamelibishania miaka na miaka, na yeye amelifikia kwa upawa wa uji, akiwa amebakisha mwaka mmoja tu chuoni na hatarudi tena kwa darasa la watoto mpaka apate kazi.

Kama kuna mkuu wa kitivo cha elimu anasoma hii, au mtu wa idara ya chekechea ya kaunti pale City Hall, mlango wetu uko wazi siku yoyote ya shule. Waje wote wawili siku moja ikiwezekana. Uji hutolewa saa nne.

Mwalimu wa chekechea,
Eastlands, Nairobi